Wanaimba jedwali vizuri, lakini 52 kutoa 27 wanaandika 35

*Shikamoo Mwalimu,*

*Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya kijijini, mkoani Kigoma. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nafundisha Hisabati darasa la wanafunzi 86. Wanakaa wanne hadi watano kwa dawati, na wengine wanakaa chini mbele ya ubao.*

*Tatizo langu ni kutoa. Jedwali la kuzidisha wanaliimba mpaka la 9, mtu akipita nje anaweza kudhani nina darasa la mabingwa. Lakini niliwapa 52 − 27, zaidi ya nusu wakaandika 35. Nikawapa 304 − 158, wengine wakapata 254, wengine 156. Nimeshafundisha kukopa ubaoni na kurudia, na kila nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia "ndiyo mwalimu". Wananakili mifano kwa mwandiko mzuri, na kesho yake ni yaleyale. Hata kwenye kujumlisha wapo wanaoniandikia 36 + 48 = 714.*

*Kinachonichanganya zaidi ni kijana mmoja anayemsaidia mama yake kuuza dagaa na mawese sokoni. Nimenunua kwake mwenyewe, chenji anarudisha bila kalamu na hakosei. Darasani anapata 2 kati ya 10.*

*Walimu wenzangu wanasema watoto wa huku bila fimbo hawahesabu. Mwalimu mkuu ananihimiza nisonge mbele kwa sababu azimio la kazi linataka niwe nimefika kwenye kugawanya, na mwakani watoto hawa wanafanya upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Nimefikia kuwaza nifundishe wale ishirini na kitu wanaoelewa na wengine niwaache wafuate nyuma, au niombe kubadilishiwa niende Darasa la Kwanza. Nisaidie.*

*Mwalimu kijana, Kigoma*

---

Marahaba, mwanangu.

Yarudie yale madaftari uliyosahihisha, na safari hii acha kutafuta jibu. Tafuta njia. Aliyeandika 35 hakubahatisha. Kwenye makumi amesema 5 kutoa 2 ni 3. Kwenye mamoja ameona 2 juu na 7 chini, akakumbuka alichoambiwa tangu Darasa la Kwanza kwamba kikubwa hakitoki kwenye kidogo, basi akageuza: 7 kutoa 2 ni 5. Ametii kanuni, na kanuni hiyo ilimpa tiki miaka miwili mfululizo kwa sababu hesabu zote alizopewa zilikuwa na tarakimu kubwa juu. Aliyepata 254 kafanya hivyohivyo: 3 kutoa 1, 5 kutoa 0, 8 kutoa 4.

Sasa mtazame aliyepata 156. Huyu yuko mbali zaidi na wenzake, na pengine hukumwona. Kukopa anakujua. Alienda kwenye 3 akaifanya 2, akaipa sifuri ikawa 10, halafu akachukua moja pale kwenye makumi ili mamoja yawe 14. Kutoka 14 alitoa 8 akapata 6, sawasawa. Ila alisahau kwamba ile 10 imeshatoa moja na imebaki 9. Akasema 10 kutoa 5 ni 5. Kosa lake ni moja tu, katika hatua moja.

Watoto hawa wawili wamepata kosa lilelile jekundu daftarini, na wote wawili umewarudisha kwenye mfano uleule wa ubaoni. Wa kwanza hajajua kwa nini watu wanakopa. Wa pili anajua, amepoteza hesabu ya kilichobaki. Ukiwafundisha pamoja, mmoja haelewi na mwingine anachoka.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba makosa ya watoto kwenye kutoa mara nyingi yana utaratibu, kiasi kwamba ukiijua kanuni ya mtoto unaweza kutabiri jibu atakaloandika kwenye swali ambalo hajaliona. Walitengeneza hata programu ya kompyuta, BUGGY, ambayo ilikuwa inaigiza mtoto mwenye kosa fulani ili mwalimu ajizoeze kulitambua. Wewe kompyuta huihitaji. Una madaftari 86. Kaa nayo jioni moja, uyagawe kwa aina ya kosa badala ya alama. Nakuhakikishia mafungu hayatazidi matano au sita.

Na lile swali la "mmeelewa?" liache kabisa. Hakuna mtoto wa Kitanzania atakayesimama mbele ya wenzake 85 aseme hapana. Muulize "umepataje?", na umuulize hata aliyepata, la sivyo watajua kwamba swali hilo maana yake ni kukosa.

Tuje kwenye kufundisha kwenyewe. Ile 714 inakwambia shida imeanzia nyuma ya kukopa. Mtoto kaona 6 na 8 ni 14, kaiandika nzima, kisha 3 na 4 ni 7, kaiweka mbele. Kwake 36 ni tarakimu 3 imekaa jirani na tarakimu 6, basi. Hajui kwamba ile 3 ni makumi matatu. Anayeona namba hivyo hata ukimfundisha kukopa mpaka Desemba, atakuwa anajifunza kuchora vimistari na vinamba vidogo juu ya hesabu.

Kwa hiyo rudi kwenye njiti. Kigoma michikichi imejaa, na njiti za fagio haziuzwi. Kila mtoto alete 12, utakuwa na zaidi ya 1,000 darasani. Wafunge makumimakumi kwa kamba za mgomba, wenyewe, kwa mikono yao. Usiwafungie. Kule kufunga ndiko somo lenyewe, na atakayefunga tisa au kumi na moja mwenzake wa dawati atamuumbua mapema kuliko wewe. Baadaye mafungu kumi yafungwe pamoja yawe mia.

Gawa darasa makundi kumi. Kila kundi liweke 52 mezani: mafungu matano na njiti mbili. Waambie watoe 27. Mafungu mawili yatatoka bila shida. Zikifika njiti saba wataduwaa, kwa sababu mezani zipo mbili tu. Hapo nyamaza. Ni vigumu kwa mwalimu kunyamaza, hasa mwenye azimio la kazi kichwani, lakini nyamaza, maana katika kundi mojawapo lazima atatokea mtoto atakayesema "tufungue moja". Huyo akishafungua, ndiyo kukopa kumezaliwa, na kumezaliwa na mtoto. Wana njiti 12, wanatoa 7, zinabaki 5, na mafungu mawili. Ishirini na tano. Halafu, na hili ndilo walimu wengi wanaliruka, warudishe 52 mezani, waifanye tena hesabu ileile wakianza na mamoja, huku wakiiandika daftarini hatua kwa hatua. Kila kamba ikifunguliwa, kitu kiandikwe. Unakata 5 unaandika 4 kwa sababu fungu limefunguliwa, na mtoto akuonyeshe lile fungu liko wapi. Wanaocheza na njiti Jumatatu na kuandika Jumatano hawaunganishi kitu; wana michezo miwili tofauti.

Siku nyingine chora badala ya njiti: mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja. Mwanasaikolojia Jerome Bruner katika miaka ya 1960 alieleza ngazi hizi tatu, ya kutenda kwa mikono, ya picha na ya alama, na vyuo vyetu vya ualimu wanazifundisha, bila shaka ulizijibu kwenye mtihani. Kwenye ajira tunazisahau kwa sababu ya chaki.

Sifuri ya katikati ifundishe peke yake, baada ya wiki kadhaa, kwa sababu ina ugumu wake. Unganisha makundi matatu wawe na mia tatu na njiti nne, makumi hayapo. Watoe 158. Wanataka njiti nane, wanazo nne. Makumi hakuna. Kilichopo ni mia, basi mia moja ifunguliwe, yatoke mafungu kumi. Katika hayo kumi, moja nalo lifunguliwe. Wahesabu mafungu yaliyobaki: tisa. Mia mbili, mafungu tisa, njiti kumi na nne. Yule mtoto wako wa 156 ataiona 9 yake ikiwa mezani, na hutakuwa na haja ya kumweleza zaidi. Bado zinatoka mia, mafungu matano na njiti nane, zinabaki 146.

Kuhusu kijana wa dagaa, huyo ni hazina ya darasa na ningemtumia kesho asubuhi. Kisa chake kinafahamika duniani. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kutoka mji wa Recife, Brazili. Waliwauliza watoto wachuuzi maswali ya bei na chenji palepale wanapouza, kisha wakawapa hesabu za namba hizohizo kwa karatasi na kalamu. Mtaani walipata kama asilimia 98. Hesabu tupu za karatasi, kama asilimia 37. Watoto walikuwa watano tu, kwa hiyo usinibebeshe zaidi ya hapo, lakini kila mwalimu aliyewahi kununua kitu kwa mwanafunzi wake anajua wanachosema.

Hajui kukopa kwa sababu hakopi. Mteja akinunua vya 1,300 akatoa noti ya 2,000, kijana wako hashushi namba. Anapanda: 1,300 kwenda 1,500 ni mia mbili, 1,500 kwenda 2,000 ni mia tano, chukua mia saba yako. Anatoa kwa kuongeza. Mlete mbele afanye 52 − 27 kama chenji: kutoka 27 mpaka 30 ni 3, mpaka 50 ni 20, mpaka 52 ni 2. Jumla 25. Chora mstari ubaoni, weka vituo vyake, darasa lione anarukaje. Ile ni hesabu halali, na kwa 304 − 158 ina raha zaidi: 2 mpaka 160, 40 mpaka 200, 104 mpaka 304. Wapo wanafunzi watakaoipenda kuliko ya njiti, waache waitumie kuhakiki majibu yao. Mtu mwenye njia mbili anajigundua akikosea. Mwenye moja anakusubiri wewe na kalamu nyekundu. Ila njia ya kuandika wima naye aijue, kwa sababu mbele kuna namba kubwa ambazo kuruka kwa kichwa kunachosha.

Hukuuliza habari za mafumbo, lakini najua yanakuja. Nakuomba usiwafundishe kwamba wakiona "zaidi" wajumlishe na wakiona "baki" watoe. Wape hili uone: Asha ana maembe 12, ambayo ni 5 zaidi ya maembe ya Juma. Juma ana mangapi? Darasa zima litaimba 17. Watoto wawili wasimame mbele, mmoja Asha mmoja Juma, wagawiwe kokoto, na kama wengi nyumbani wanaongea Kiha, sioni ubaya fumbo kuelezwa mara moja kwa Kiha kabla ya kurudi kwenye Kiswahili.

Na ule wimbo wa jedwali usiuvunje. Siku hizi kuna mtindo wa kulaani kukariri, mimi simo. Mtoto asiyejua 7 mara 8 kwa haraka atateseka kwenye kugawanya. Ongeza tu swali baada ya wimbo: aliyesahau 7 mara 8 ataipataje? Kwa 5 mara 8 ni 40, na 2 mara 8 ni 16. Basi hatakwama siku akisahau.

Sasa wingi. Kile kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa wewe na mimi tunakisoma tu. Pamoja na hayo, wazo lako la kufundisha ishirini wanaoelewa nalikataa, kwa sababu hao ndio wanaokuhitaji kidogo kuliko wote. Fanya kinyume. Nchini India shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai mwaka 1995, liliwapanga watoto kwa muda fulani wa siku kwa kiwango walichofikia badala ya darasa lao, na njia hiyo ikapimwa kwa miaka na watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao wamo kati ya watatu waliopata Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Kwetu nako, watafiti wa mpango wa Uwezo walipoanza kuwapima watoto majumbani walitumia maswali ya Darasa la Pili hata kwa wakubwa, na walikuta wa madarasa ya juu ambao yaliwashinda. Darasa lako halina laana ya pekee.

Kwa hiyo chukua vipindi viwili kwa wiki, uwapange kwa yale mafungu ya madaftari. Wa 714 wakae na wewe na njiti. Wa 35 wafanye kazi ya kufungua mafungu kwa kuchora. Wa 156 na wale wanaopata wapewe mafumbo, au watunge hesabu ambayo wanadhani wenzao watakosea kisha waeleze kwa nini, ni kazi ngumu na wataipenda. Viongozi wa makundi wabadilishwe kila wiki, na wasishike fimbo wala orodha ya wapiga kelele. Kelele zitakuwepo. Jirani akilalamika, mwombe radhi uendelee.

Fimbo. Nakwambia waziwazi, kwenye hesabu haina kazi. Mtoto anayeogopa ananakili, ndiyo maana una madaftari yenye mwandiko mzuri na majibu mabaya. Tena si suala la moyo wako tu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, kila adhabu iandikwe kwenye daftari lake, na ni kwa makosa mazito ya nidhamu. Kuandika 35 badala ya 25 hakumo humo. Wenzako wakikusimanga ofisini usibishane nao, waonyeshe madaftari ya mwezi ujao.

Mwalimu mkuu usimfuate na malalamiko. Anaulizwa na Afisa Elimu Kata, naye anaulizwa na wengine. Mpelekee karatasi moja: wangapi wana kosa gani, unataka wiki tatu za nini, na vipindi gani utavibana ili kufidia. Mwonyeshe kwamba kugawanya kwa njia ndefu ni kutoa mfululizo, kwa hiyo ukiingia huko na darasa hili utatumia wiki sita kwa kazi ya tatu. Kwenye andalio la somo andika wazi kwamba unarudia thamani ya nafasi ya tarakimu, usifiche kwa kuandika kichwa cha kugawanya huku unafundisha kingine, maana mdhibiti ubora akiingia atakuta uongo hata kama ufundishaji ni mzuri. Baada ya wiki hizo tatu wape jaribio lenye hesabu zilezile za mwanzo umpelekee tofauti. Akikataa kabisa, bado una dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi ambazo hakuna anayekupangia.

Kuhamia Darasa la Kwanza kama kukimbia sikushauri. Kule ndiko mafungu ya kumi yanakoanza kufungwa, na asiye na subira na njiti anaharibu zaidi kuliko hapo ulipo. Lakini ukifika mwisho wa mwaka ukaona kazi hii ya njiti ndiyo unayoipenda, andika barua uombe, na useme unataka kupanda nao kutoka la Kwanza hadi la Tatu. Walimu wakuu wengi hawana anayeomba hivyo.